Jicho la Mkwe

Chawa hatoki kwa jirani kuja kukutafuna. Yumo ndani ya shati ulilolivaa mwenyewe. Waceke wa kijiji cha Yamumbi alilijua hilo tangu utotoni, ila hakudhani chawa anaweza kuletwa kwenye katoni, tena na mkwe.

Wezi walipomwibia kuku, Kim, mchumba wa bintiye Betty, alimletea kamera ya intaneti. Aliifunga sebuleni, akaiunganisha na simu ya Waceke na yake mwenyewe. Fundi wa simu pale senta, kwenye maduka, alimwonya Waceke waziwazi.

"Mama Betty, badilisha password ya hiyo kamera. Mwenye ako nayo anaona na kusikia kila kitu."

Lakini kwao mkwe na mama mkwe hustahiana mno. Kumzuia Kim asiione kamera aliyoileta mwenyewe kungekuwa sawa na kumwita mwizi. Heshima ikamfunga Waceke mdomo.

Siku moja kabla ya mazungumzo ya mahari, Betty alimketisha mamake sebuleni. "Mum, niko na mimba. Hata Kim sijamwambia."

Waceke akashusha pumzi. "Basi tutaanzia ng'ombe kumi, lakini wakikaza nitakubali hata watatu. Sitaki uachwe na mtoto."

Kesho yake wageni walifika, wakakirimiwa chai, na mazungumzo yakaanza. Ng'ombe kumi walipotajwa, Mzee Thuo, msemaji wa upande wa Kim, alicheka.

"Watatu wanatosha. Na msiringe sana, bibi arusi mwenyewe tayari ni wawili."

Siri ile walikuwa nayo watu wawili tu. Betty aliitazama kamera, kisha akamgeukia Kim.

"Kim, ulikuwa unatusikiza?"

Kim aliinamisha kichwa. "Si nilikuwa nacheki tu kama mko salama."

"Na ukaenda kumwambia mzee?"

Betty alipanda kiti, akaing'oa kamera na kumwekea Kim mapajani. "Kama hujanioa na unanichungulia hivi, ukinioa itakuwaje? Enda na jicho lako. Mtoto nitalea."

Wageni waliondoka, mukimo wa viazi na mahindi waliopikiwa ukiwa bado na moto. Waceke alilia kwa hasira na aibu, akimkumbuka yule fundi. Miezi yote tangu kamera ifungwe alikuwa akikagua kufuli za mlango kwa kuogopa watu wa nje. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.