Choya Iliyogeuka Rangi

Hapo zamani, na atakayenikatiza atoke nje, palikuwa na mwalimu wa kemia aitwaye Shekivuli. Mwalimu jina tu! Chupa za maabara alizifungia kabatini zisivunjike, majaribio akayachora ubaoni. "Asidi inageuza rangi. Besi inaigeuza tena. Andikeni!" Watoto wakachora rangi kwa penseli nyeusi.

Mwanakombo, binti wa muuza juisi ya choya, yale maua mekundu, naye alichora. Siku moja akachota juisi ya mama yake kwa kata yenye maji ya magadi. Loo! Juisi nyekundu ikawa buluu. Akachapwa kwa kuharibu biashara, akaenda kumlilia rafiki yake Semkiwa.

"Wee, hujaharibu kitu," Semkiwa akasema. "Si ndiyo yale ya ubaoni? Magadi ni besi. Hebu tukamulie ndimu, ndiyo asidi."

Wakakamua, wekundu ukarudi. Kisha wakanyamaza, waoga hao.

Akaja mkaguzi na nafasi moja ya shule ya bweni ya sayansi, ya mtoto atakayemridhisha. Mwanakombo aliitamani kweli kweli, maana baba yake alishasema akimaliza hapa, basi. Mkaguzi akataka kuona jaribio. Shekivuli akafungua kabati kwa madaha: karatasi za kupimia asidi zimeliwa na mende, chupa zimekauka kau. Akashika chaki! "Nikuchoree, bwana mkubwa?"

Hapo akasimama Hoza, mtundu wa darasa asiyejua hata asidi ni kitu gani. "Shikamoo, mkaguzi. Mwanakombo na Semkiwa wana mambo yao ya choya, niliwachungulia." Akatoka mbio, akaleta choya, magadi na ndimu, akafanya mbele ya watu bila woga. Buluu. Nyekundu. Mkaguzi akapiga makofi.

Ndipo Mwanakombo akapata ulimi. "Niliyeona kwanza ni mimi, na fimbo nilikula mimi!"

"Uliona ukalia," akasema Semkiwa. "Aliyejua umeona nini ni mimi."

"Mkajua, mkajifungia midomo," akasema Hoza. "Bila mimi mkaguzi angeona nini?"

Shekivuli naye, hana hata haya: "Mimi ndiye niliyewafundisha! Nafasi apewe mwanangu wa kumzaa." Huyo mwacheni na mende wake.

Mkaguzi ameshika kalamu, dereva anapiga honi, Mwanakombo hapepesi macho. Haya, nyie mnaojiona mna akili: aandike jina la nani?