Maotea ni ya Mwenye Mbegu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakilima na kugombania mipaka kama sisi, mjane Digidigi alikuwa na kishamba bondeni na watoto watatu wa kulisha. Msimu mmoja Nyati alikiazima kwa mabavu, akapanda viazi vitamu, akavichimba ovyo ovyo. Nusu vilibaki ardhini. Mwenye nguvu hafanyi kazi kwa macho, hufanya kwa kwato.

Msimu uliofuata Digidigi alipanda mtama. Mvua iliponyesha, mtama ukaota, na vile viazi navyo vikaota. Marando yakatambaa, yakaupanda mtama na kuunyima jua, hata ukaanza kugeuka manjano. Digidigi akashika jembe.

"Weka chini," Nyati akanguruma kutoka mpakani. "Viazi hivyo ni vyangu."

"Ni maotea tu, Bwana Nyati. Hakuna aliyevipanda."

"Maotea ni ya mwenye mbegu. Ukikata hata rando moja, nakukanyaga."

Majirani walitoka kusikiliza, na Nyati akaapa mbele yao kwamba hiyo ndiyo sheria ya bonde zima. Digidigi aliumia sana, maana mtama ule ukifa wanawe watakula nini? Lakini hakulia. Sheria umeipika mwenyewe, akasema moyoni, basi utaila.

Asubuhi yake akachota kapu la mtama wa akiba, akampelekea Nyati kwa heshima zote. Nyati akabugia bila kutafuna, gu! gu! gu! Kisha akaenda kwenye mahindi yake yaliyoanza kuchipua, akajisaidia, pwata! pwata! Siku zote alijisifu kwamba hakuna mbolea kama yake. Digidigi akapeleka kapu la pili na la tatu, mpaka akiba ikaisha.

Mbolea ilikuwa nzuri kweli. Siku chache tu, mtama ukachomoza kila mahali, ukayabana mahindi. Nyati alipokuja kupalilia, alimkuta Digidigi amesimama katikati ya shamba, majirani wako mpakani.

"Usiguse," Digidigi akamwambia. "Mtama huo ni wangu."

"Wako vipi, na ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa chakula, sikukupa mbegu. Maotea ni ya nani, Bwana Nyati?"

Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato. Digidigi hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Nikanyage basi," akasema, "mbele ya hawa waliosikia kiapo chako."

Majirani ndio waliojibu, wote kwa pamoja: "Maotea ni ya mwenye mbegu!"

Nyati aliyatazama mahindi yake yakisongwa. Akaifuta ile sheria kwa kinywa chake, kisha akang'oa marando kwa Digidigi, rando moja moja, mgongo ukimuuma. Mtama ukapata jua. Watoto wa Digidigi wakala viazi na matembele huku wakiungoja ukomae.

Hadithi yangu nimeivuna, nawaachieni mbegu yake: sheria ya uonevu nayo huota, na huota shambani kwa aliyeitunga.