Ubao wa Kushoto wa Kila Mlango

Kuna jambo nimelisoma miaka mingi na bado sijalielewa. Wajumbe wawili wa mwilini hugonga milango miwili ya seli, mkimbiaji anayeamka ndani ni yuleyule, lakini kazi zinazofanyika hazifanani. Ninachoweza kueleza ni jinsi milango yenyewe ilivyokuja kufanana.

Hapo awali, kila seli ilikuwa nyumba yenye milango mingi. Kila mlango ulikuwa na mbao mbili za umbo lake, bawabu wake, na mkimbiaji wake wa kupeleka habari chumba cha ndani. Siku moja mwiba ulichoma kisigino. Mjumbe akafika mbio ndani ya mfupa, kwa Bi Mwanaheri, ambaye nyumba yake ilizaa askari. Akagonga kwa kishindo kilichotikisa milango yote. Wakimbiaji wote wakakurupuka pamoja, wakakwama ukumbini.

"Nipishe, mwenzangu!"

"Nikupishe wewe? Mlango wako una mwaka haujagongwa!"

Habari haikufika. Kisigino kikaanza kuoza, na mguu wote ukawa hatarini.

Bi Mwanaheri akamwita Shekue, seremala. Kwa haraka ile, Shekue alikata mbao za kushoto kwa kielezo kimoja, akazipigilia juu ya zile za zamani kwenye milango yote. Za kulia aliziacha, kila moja imfuate mjumbe wake. Bawabu mmoja akakaa nyuma ya kila ubao, na mkimbiaji akabaki mmoja tu, Chepe. Mjumbe alipozishika mbao mbili, zikakutana, mabawabu wakagusana, wakapakana chokaa, ishara ya kuanza kazi, wakampaka na Chepe. Akakimbia. Askari wakazaliwa, mguu ukapona.

Kesho yake akaja mjumbe wa ukuaji. Chepe akatoka mbio vilevile.

"Chepe, leo ni vita au ni kukua?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Bibi, mimi nimepakwa chokaa tu."

Shekue akakuna kichwa. "Labda nimekosea, Bi Mwanaheri. Kielezo hiki kikiwa na kasoro, milango mingi itakufa kwa pamoja."

Bi Mwanaheri aliufikiria mguu uliopona.

Nyumba nyingine zikaiga, na tangu siku hiyo milango mingi ya seli, ambayo wasomi huiita vipokezi, hutumia kwa pamoja ubao mmoja na mkimbiaji mmoja. Iliamuliwa kila nyumba ipokee habari na kuifanyia kazi iliyoizoea. Iliamuliwa pia mbao za zamani za kushoto, zilizobaki chini ya zile mpya, zing'olewe. Aliyezing'oa ni Bi Mwanaheri mwenyewe, moja baada ya moja, akisita kila mara kuutazama ubao aliokuwa ameushika.