Kuku wa Mzazi

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, Bi Mwanamvua alimpelekea jirani yake kuku mmoja wa kienyeji ili amchinjie. Kuku huyo hakuwa wake. Alikuwa wa bintiye, Sauda, aliyejifungua mtoto wa kiume Jumatatu, akapoteza damu nyingi, kisha akarudishwa kwa mama yake auguzwe mpaka arobaini yake iishe. Mume wa Sauda alikuwa mbali, kwenye kazi ya kuvunja mawe, na hakupata ruhusa ya kuja. Alimpa dereva wa lori kuku aliyefungwa miguu, pamoja na maneno haya: "Huyu ni wa mzazi. Anywe supu, damu irudi, maziwa yatoke."

Bi Mwanamvua alikuwa na kuku wake mwenyewe. Walikuwa watatu, kwenye banda nyuma ya nyumba, na wote walikuwa wanataga. Siku hiyo hakuwafikiria. Nawaomba nyinyi mlikumbuke banda hilo, kwa sababu yeye alilisahau.

Alikuwa mpishi mwangalifu. Alimkatakata kuku, akamwosha kwa ndimu, akamteleka na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Akatwanga pilipili manga, bizari nyembamba na mdalasini, akaweka manjano kidogo. Hakuzidisha kitu, kwa sababu tumbo la mzazi bado ni kidonda. Akakuna nazi mbili. Tui la kwanza, lile zito, alilikamua peke yake akalifunika kwenye bakuli. Tui la pili, lile jepesi, akalitia sufuriani pamoja na viungo. Kila aliyewahi kupika nazi anajua sababu. Tui jepesi huvumilia moto, lakini tui zito hutiwa mwisho, sufuria ikikaribia kuepuliwa, na mwiko usiache kukoroga hata kidogo, ama sivyo litakatika. Tui hilo ndilo linaloipa supu nguvu. Bakuli lile lililofunikwa lilikuwa la Sauda.

Supu ilipoanza kutokota, harufu ikatoka. Harufu haijui mipaka ya nyumba. Ilipita dirishani, ikavuka ua, ikaenda hadi barabarani. Ilipita pia chini ya mlango wa chumba alicholala Sauda, naye akageuza uso kuelekea mlangoni. Tangu aletwe nyumbani alikuwa amekunywa uji tu.

Wa kwanza kupiga hodi alikuwa Bi Kidawa, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kusikika mbali. Alileta sabuni ya mtoto.

"Mwanamvua we! Nimekuja kumwona mtoto, lakini pua yangu imeniburuta jikoni kwanza."

Wakacheka wote wawili. Sufuria ilikuwa mbele ya macho yao, mfuniko ukichezacheza. Kwetu mtu husamehewa mengi, lakini si kumwacha mgeni anuse chakula kisha aende zake na mdomo mkavu. Bi Mwanamvua akapakua bakuli moja, akatia na bawa. Ni kipande kimoja tu, alijiambia. Kisha akaongeza kikombe cha maji sufuriani ili kujaza pale palipopungua.

Baadaye wakaja wanawake wawili wa chama chake cha kufa na kuzikana. Walimbeba mtoto kwa zamu, wakamsifu pua, wakamwombea dua. Walikuwa wanawake waliomsaidia Bi Mwanamvua alipofiwa na mumewe, na hakuwa mtu wa kusahau wema. Wakapakuliwa. Maji yakaongezwa tena, na chumvi kidogo.

"Mama, bado?" Sauda aliita kutoka chumbani.

"Bado kidogo, mwanangu. Acha ichemke."

Baada ya adhuhuri akafika mama mkwe wa Sauda, Bi Shemsa, pamoja na dada zake wawili. Hapo jambo likawa zito. Mkwe hapewi mgongo, wala hapewi shingo. Alipaswa kupata paja na firigisi, na dada zake wasipate pungufu ya minofu. Bi Shemsa hakuwa mtu mbaya. Alileta doti ya khanga, akampakata mjukuu wake, akamwombea kwa machozi ya kweli.

Jikoni, Bi Mwanamvua alifunua sufuria akaona chini. Supu ilikuwa imekuwa nyepesi kiasi kwamba vijiti vya mdalasini vilionekana vimelala pale chini. Akawaza watakayoyasema kwa wakwe: kwamba mjukuu wao amepelekwa kwenye nyumba ya njaa. Akatazama huku na huku. Macho yake yakaangukia bakuli lililofunikwa.

Akalifunua. Akamimina tui zito lote, akakoroga kwa mkono mmoja bila kupumzika, na kweli halikukatika. Supu ikawa nzito machoni, rangi yake ikang'aa kama ya mwanzo. Tui lililowekwa limpe mzazi nguvu likafanya kazi ya kuficha maji.

"Mkwe mwenzangu, huu si ukarimu wa siku hizi," Bi Shemsa alisema, akifuta midomo. "Mwanetu amepata mahali. Na yeye kashakula?"

"Yeye ya kwake ipo," alijibu Bi Mwanamvua.

Hakudhani kwamba anasema uongo. Aliamini kwamba sufuria inayopakuliwa kwa nia njema haiwezi kufika mwisho.

"Mama, bado?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Mara ya tatu Sauda hakuita. Sauti za wakwe zilikuwa zimejaa ukumbini, na mzazi anayepaza sauti kudai chakula mbele ya wakwe hujitia aibu yeye na mama yake. Akalala akimsikiliza Bi Kidawa, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya mazungumzo, akiaga mlangoni huku anachokonoa meno.

"Sauda akizaa tena, mtuite mapema!"

Wakacheka, hata Bi Shemsa.

Alasiri, nyumba ilipotulia, Bi Mwanamvua alipakua bakuli la mwisho. Lilipata shingo, ncha ya bawa, na maji yenye rangi ya manjano. Akaongeza pilipili manga ili angalau joto lipatikane. Akaingia chumbani. Sauda alijiinua kwa kushika ukuta, akapokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Kisha akaigeuza ile shingo kwa kijiko, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Mama, wageni wamepona?"

Bi Mwanamvua akamweka mtoto kifuani pa mama yake. Mtoto alinyonya, akaliachia ziwa, akalia. Akanyonya tena, akaliachia tena.

Itazameni vizuri nyumba hii, ndugu zangu. Hakuingia mwizi ndani yake. Wote waliokula walikuja kwa ajili ya Sauda, na jina lake lilikuwa kinywani mwa kila mmoja, pamoja na supu yake. Mama yake hakuonja hata kijiko kimoja. Kila kilichochukuliwa kilichukuliwa kidogo, kwa heshima, kwa mkono mpole, na ndiyo maana hakuna aliyekiona kikiondoka. Maji yangebaki na rangi ya maji, huenda mmoja wao angeuliza. Lakini yalitiwa tui.

Usiku ule mtoto hakulala, na Sauda hakulala. Bi Mwanamvua alijaribu kujitetea moyoni. Alisema mgeni ni baraka. Alisema mkwe ni mkwe. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakumsaidia.

Kulipopambazuka, kuku wake walianza kulia bandani. Ndipo alipowakumbuka. Aliketi ukingoni mwa kitanda akiwasikiliza. Siku nzima alikuwa amesifiwa kwa ukarimu, na katika mali yake mwenyewe haukupungua hata unyoya mmoja.

Akatoka akiwa na khanga ya kulalia. Akafungua banda, akamshika yule mnene, anayetaga kila siku, ambaye hakuwahi kumfikiria kuwa ni nyama. Akampeleka kwa jirani akachinjwe. Akatwanga viungo upya. Akakuna nazi nyingine, akakamua tui la kwanza, akalifunika. Hakuharakisha. Kuku alipolainika kabisa, akatia tui zito, akakoroga mpaka mvuke ukampanda usoni na macho yakamwasha, akaepua.

Safari hii hakupakulia jikoni. Aliibeba sufuria nzima kwa vitambaa viwili, akaingia nayo chumbani kwa Sauda, akafunga mlango, akatia komeo. Akampangia mwanawe mito mgongoni. Akamtolea paja, na firigisi, akaviweka juu kabisa ya bakuli. Kisha akachota kijiko cha kwanza.

"Hodi! Hodi humu!" Ilikuwa sauti ya Bi Kidawa, na nyuma yake ikasikika ya Bi Shemsa ikitoa salamu. "Mwanamvua, usijifiche, harufu tumeshaisikia!"

Bi Mwanamvua aligeuka ghafla, na supu ikamwagika kidogo kwenye khanga ya Sauda, ile mpya aliyoletewa na mkwe. Alijua yatakayosemwa kabla jua halijatua. Alijua pia ni nani atakayeyasema. Akamtazama mwanawe, naye mwanawe alikuwa akitazama mlango.

"Karibuni, kaeni barazani," aliitikia bila kuinuka. "Nitakuja akishamaliza."

Kisha Bi Kidawa akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa kirefu kama cha jana.

"Jamani, kwani humo ndani kuna mgeni gani mkubwa kuliko sisi?"

Bi Mwanamvua alichota tena, akakipuliza kijiko kipoe, akangoja mdomo wa Sauda ufunguke.