Kivuli Alichokizima Nuriati

Mnoa picha hulipa kwa kivuli. Mmeisikia kwenye vibanda vya gemu, nanyi mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Korogwe palikuwa na binti aitwaye Nuriati Shemdoe, hodari wa gemu ya kuwindana. Wachezaji wawili huingia katika jumba bovu lenye taa za kuning'inia, kila mmoja mbele ya runinga yake, na anayemwahi mwenzake kwa kumpiga ndiye mshindi. Mwaka huo mshindi angeiwakilisha Korogwe mashindanoni Dar es Salaam, safari ambayo Nuriati aliitamani tangu akiwa shuleni. Walikuwa wamebaki yeye na Hoza, kijana mpole wa Manundu.

Kabla ya kuanza, kila mchezaji aliruhusiwa kuipanga picha yake. Nuriati alikerwa na ukungu kwenye runinga yake kubwa, akaiamuru mashine ya gemu iikuze picha na kuinoa iwe kali. Mashine ikaanza kukwama, maana nguvu zake zilikuwa zilezile.

Mama Semboja, mwenye kibanda, akamwambia, "Mwanangu, haiwezi yote. Ukitaka ukali huo, punguza kitu kingine."

"Nipunguze nini, mama?"

"Vivuli, labda. Lakini mimi ningeiacha na ukungu wake."

"Vivuli ni mapambo tu," Nuriati akasema, akavizima.

Picha ikatulia, ikawa safi kama iliyooshwa. Hata misumari ya milango ilionekana. Nuriati akapita ukumbini bila wasiwasi, akaielekea ngazi. Hoza alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo, taa ikimmulika mgongoni. Nuriati hakushtuka mpaka alipopigwa, na mchezo ukaishia hapo.

Hoza akamsogelea. "Dada, nilijua nimekwisha. Kwenye runinga yangu kivuli changu kilikuwa kimelala miguuni pako kabisa. Hukukiona?"

Nuriati akaitazama sakafu ya lile jumba, kila kigae na ufa wake.

"Nilikizima mwenyewe," akasema.

Hoza akaenda Dar es Salaam. Nuriati alimsindikiza stendi, akamtakia heri, na ilimuuma. Baadaye, kila alipomkuta mtu kibandani akihangaika kuing'arisha picha, hakumkataza, kwani wapo waliohitaji ukali kuliko kivuli. Alimtaka tu ajue anachokitoa kabla hajakitoa. Wakimuuliza kwa nini, aliwajibu: mnoa picha hulipa kwa kivuli.