Kipira Kilichojibu Ngumi

Enzi hizo ngumi zilifundishwa juu ya nyuso za watu. Msinikodolee macho, ndivyo ilivyokuwa. Leo kijana akitaka kuwa bondia huenda ukumbini, akakuta gunia lililoshindiliwa matambara, akakuta na kile kipira cha ngozi kinachoning'inia chini ya ubao, akakipiga mpaka jasho limtoke, kisha akaenda zake kwao kula. Wakati ule, katika mji wa Shungwi, hapakuwa na gunia wala kipira. Palikuwa na mtu.

Mtu huyo aliitwa mpokezi. Watu wa Shungwi walikuwa na mwiko mmoja mkali: ngumi haipigwi kwa kitu kisichoweza kujibu. Kupiga mti, au ukuta, au mnyama aliyefungwa, ilikuwa aibu ya kumhamisha mtu mji. Kwa hiyo bingwa alijifunza kwa mpokezi. Alimpiga kwa nguvu zake zote, na mpokezi akamrudishia usoni, ili bingwa apate kujifunza kukwepa. Kwenye harusi mpokezi aliketishwa kwenye sinia la kwanza, na akipita njiani hata wazee walimpisha. Heshima ilikuwa tele, lakini kichwa ni kichwa tu.

Katika mji huo aliishi Mwanamvua, fundi wa ngoma. Baba yake alikuwa mpokezi, na Mwanamvua aliuona mwisho wake: mzee wa watu ameketi barazani, anawauliza wanawe mwenyewe ni wa nani. Alipokufa, kazi ikamwangukia kaka yake wa pekee, Vuai, kwa kuwa upokezi ulirithiwa. Bingwa wa wakati huo aliitwa Ngwali, jitu la miraba minne, mikono kama michi. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alimpenda Vuai, na kila walipomaliza mazoezi alimkanda uso kwa mafuta ya nazi kwa mikono ile ile iliyomvimbisha.

Asubuhi moja Mwanamvua alikuwa kiwandani kwake, anakwangua manyoya ya ngozi. Vuai akaingia, akasimama mlangoni, akatabasamu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama yao alikwisha kufa zamani. Mwanamvua akaitikia marahaba, maana hakujua aseme nini kingine, kisha akakiweka kisu chini na kwenda moja kwa moja kwa Mzee Bwanakheri, aliyekuwa mwangalizi wa ngumi za mji.

"Mzee wangu, nakuomba mumtoe ndugu yangu," alisema. "Ameanza kupotea kama baba."

"Mwanangu, tukimtoa, Ngwali atajifunza kwa nani? Mwezi ukiandama tu watu wa ng'ambo wanakuja kupigana."

"Nikileta kitu kinachojibu?"

Waliokuwapo waliangua kicheko. Mzee Bwanakheri hakucheka, ila alimtazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Kitu kijibu! Haya, kilete. Kikijibu mbele za watu, Vuai atakaa chini maisha yake yote. Kisipojibu, atasimama hapo hapo mbele ya Ngwali, na wewe usinijie tena na maneno haya."

Mwanamvua alirudi kiwandani roho iko mkononi. Alijua mambo mawili tu duniani, ngozi na mlio. Akachukua kibofu cha ng'ombe, kile ambacho watoto hukijaza pumzi wakakichezea siku za kuchinja, akakivisha ngozi ya mbuzi na kuishona kwa ukano. Alikifunga kwenye kamba ndefu darini, akakipiga. Kikaenda mbali, kikazubaa huko, kikarudi kivivu kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Hilo si jibu. Akatoa kibofu, akatia mchanga. Kikapokea ngumi kikanyamaza, na mkono wake ndio ulioumia. Siku zilikwenda. Kila jioni Vuai alirudi na uvimbe mpya, na kila jioni dada yake alijitia hamnazo, asije akalia mbele yake.

Sasa sikilizeni hapa. Mafundi wa Shungwi walikuwa na desturi ya kutundika ngoma mpya darini kichwa chini, ngozi ikitazama sakafu, ili unyevu usituame juu yake. Siku moja Mwanamvua, akiwa amechoka na amekasirika, alikirudishia kipira chake kibofu, akakata kamba fupi, akakitundika pale mkono ulipofika. Hakutazama juu. Juu yake ilining'inia ngoma kubwa ya mashindano, na kipira alikuwa amekifunga kwenye ugwe uliopita chini ya ngozi yake. Akakipiga kwa hasira, ngumi moja.

Kipira kikaruka mbele, kikagonga ngozi ya ngoma. Kikarudi nyuma, kikagonga tena. Kikaja mbele tena, ngoma ikalia mara ya tatu, halafu kikamrudia Mwanamvua mdomoni, pah! Ngumi ilikuwa moja, majibu matatu, na la nne yeye mwenyewe alionja damu yake. Loo! Aliketi sakafuni. Kipira kilikuwa bado kinatikisika, na ngoma juu yake ilikuwa inavuma polepole, mpaka vinyweleo vya mikono vikamsimama. Ilikuwa kama kuna mtu mle ndani aliyengoja miaka yote aulizwe.

Mji mzima ulifurika uani kwake siku ya kujaribu. Ngoma ilitundikwa kwenye boriti, kipira chini yake. Vuai alikuwa amekwisha kuvua shati, amesimama kando tayari, maana ndivyo alivyozoea. Ngwali akakitazama kile kidude, akaguna, akakirushia konde lake la kumwangusha fahali.

Ngoma ikanguruma. Kabla Ngwali hajapepesa macho, kipira kikamrudia puani. Hakuna aliyecheka. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, kikamrudia kwa nguvu zaidi. Kila alivyozidisha, naye alizidishiwa. Damu ilimchirizika mpaka kifuani, na akina mama wakajifunika midomo kwa kanga. Mzee Bwanakheri aliinuka kitini bila kujua kwamba ameinuka.

Ndipo Ngwali akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Aliteremsha nguvu. Akapiga kidogo, akasikiliza ngoma ikilia mara tatu, akapiga tena. Akaleta mkono wa pili. Mlio ukaanza kushikana, ukawa mmoja, mfululizo, kama mvua kubwa inapoingia kwenye mapaa ya mji. Nani aliwahi kusikia ngumi zikilia hivyo? Watu walisimama, wengine machozi yanawatoka na hawajui kwa nini.

Ngwali akaacha. Akajifuta damu, akamgeukia Vuai.

"Ndugu yangu," akasema, "kumbe miaka yote hii ulikuwa unanihurumia."

Maana ni kweli, mpokezi aliruhusiwa kurudisha ngumi kama alivyopigwa, na Vuai hakuwahi hata siku moja kurudisha zaidi ya kugusa.

"Kimejibu," akasema Mzee Bwanakheri. "Vuai, keti, baba."

Vuai akaketi. Sitawadanganya kwamba alipona. Siku nyingine alimjua dada yake, siku nyingine akamwamkia mama. Lakini hakuongezewa pigo hata moja juu ya yale, na alizeeka akila, akicheka, akisinzia kivulini kama watu wengine.

Na tangu siku hiyo hakuna mji uliomsimamisha tena mtu ili wengine wajifunzie kichwa chake. Ngoma zilikuwa zikichanika, mafundi wakaweka ubao mahali pake, lakini mlio ni ule ule: ukipiga mara moja unajibiwa mara tatu, na anayepiga kwa hasira hurudishiwa hasira yake puani. Na kipira hicho, popote kinapofungwa, mwalimu humwita kila anayejifunza, akakipandisha au kukishusha mpaka kiwe sawasawa na uso wake, kwa sababu mahali hapo ndipo aliposimama mtu.