Mfunua Shimo Hali Mbivu

Mfunua shimo hali mbivu. Mmemsikia shangazi yenu akimrushia baba yenu maneno hayo pale mezani, mnataka kujua yalikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii chanzo chake ni hiki.

Huko Bukoba vijijini, Kaijage alikuwa na binti wa pekee, Kemilembe. Yeye mwenyewe shule ilimshinda mapema, kwa hiyo alimwita mwanawe “Daktari” hata meno ya utotoni hayajamtoka. Kila jioni, mtoto hajatua dumu la maji kichwani, baba keshauliza, “Leo umekuwa wa ngapi?” Wakila, anamuuliza hesabu. Akilala, anamwamsha atamke maneno.

Basi mtoto akaanza kupata kigugumizi. Peke yake alisoma vizuri tu. Akisikia kikohozi cha baba, herufi zote zinamtoroka. Mwisho, asubuhi moja, akaketi kizingitini na sare yake. “Shule siendi tena. Niacheni nichunge mbuzi.” Kaijage alibembeleza, akafoka. Wapi!

Siku hizohizo mdogo wake Kaijage alikuwa anaoa, na wakwe walingoja rubisi, ile pombe ya ndizi. Mama yao, Bibi Nyamwiza, akachoma majani makavu shimoni hadi udongo ukashika joto, akatandika majani mabichi, akapanga mikungu ya ndizi ziive kwa joto hilo, akafukia. “Msiliguse,” akaonya.

Lakini Kaijage hakuwa na subira. Kila akipita, anafunua pembeni, anaingiza mkono, anaminya ndizi, anafukia.

Siku ya kukamua, majirani wakaja na nyasi zao za kukamulia. Shimo likafunuliwa. Ndizi kijani, ngumu kama kuni!

“Nani kafunua shimo langu?” Bibi akauliza.

“Mama, nilikuwa naangalia tu kama zimeiva.”

“Kuangalia! Joto lote umelitoa nje! Sasa wakwe tuwapelekee nini, mate?”

Watu wakacheka. Kemilembe, mzigo wa nyasi kichwani, akasema polepole, “Bibi, usimgombeze. Hata mimi huwa ananiangalia tu.”

Kicheko kikakatika. Kaijage akaokota ndizi moja, akaitazama, akamtazama mwanawe.

Majirani walichanga ndizi zao mbivu, harusi ikapita salama. Jioni yake Kaijage akamwambia binti yake, “Mwanangu, ukitaka shule, nenda. Mimi sitakuuliza kitu.”

Kesho yake Kemilembe akaenda. Lakini baba alipata tabu, jamani! Swali likimfika mdomoni, anachukua panga anakwenda kupogoa migomba. Shamba lake halijapata kuwa safi kama mwaka ule.

Hata jioni moja, Kaijage anamenya maharage mabichi, Kemilembe akaja na kitabu, akaketi ubavuni pake bila kuitwa. Akasoma hadithi ya fisi aliyenasa zizini. Akasoma bila kigugumizi, akicheka mwenyewe. Kabla hajamaliza, akainua macho, akamtazama baba yake.

“Baba, huniulizi nimekuwa wa ngapi?”

“Nakuuliza fisi alitokaje mle zizini. Endelea, mama.”

Naye akaendelea hadi mwisho.

Tangu hapo, pale kijijini, mzazi akianza kumkaba mwanawe, wenzake humwambia taratibu, “Ndugu yangu, mfunua shimo hali mbivu.”